Mpira wa vijana Mashariki: kipaji kiko, karatasi iko wapi?

Kila jioni, kutoka Bunia mpaka Uvira, kutoka Goma mpaka Kindu, viwanja vya kartiye vinajaa watoto. Wengine wanacheza juu ya mawe ya volkano, wengine kwenye udongo mwekundu, wengine kwenye kiwanja cha shule ambacho mvua imekikata katikati. Makocha wanajua vizuri nani ana mguu. Ukiwauliza, watakutajia majina matano bila kufikiri.

Lakini uliza swali lingine: mtoto huyu ameandikwa klabu gani, kwa jina gani, kwa tarehe gani ya kuzaliwa, na tangu msimu gani? Hapo majibu yanapungua. Na hapo ndipo njia ya vijana wengi wa Mashariki inakatika, mbele hata ya mtu wa nje kuja kuangalia kipaji chao. Mpira wa leo unamfuata mtoto kwa maandishi tangu akiwa na miaka 12. Kama maandishi hayako, mtoto anabaki bila ulinzi, na klabu iliyomlea inabaki mikono mitupu.

Ngazi iko namna gani

Kwenye karatasi, ngazi ya mpira wa Kongo inaeleweka. Chini kabisa kuko klabu ya kartiye, na vijana wake wa minime, wa kadeti na wa juniori. Klabu inajiunga na Entente ya mji ao ya teritware. Juu ya Entente kuko ligi ya jimbo: LIFNOKI kwa Kivu Kaskazini, LIFSKI kwa Kivu Kusini, na zingine kwa majimbo mengine. Kiisha unakuja ubingwa wa taifa, LINAFOOT, na juu ya wote shirikisho la mpira, FECOFA, lenye makao Kinshasa.

Pembeni ya ngazi hiyo kuko njia zingine. Kule Lubumbashi, TP Mazembe iko na akademi yake, Katumbi Football Academy. Kuko pia mpira wa shule: CAF ilianza kujaribu ubingwa wake wa shule za Afrika pale Kinshasa, mwezi wa pili 2022, na fainali za mwaka 2024 zilichezwa Zanzibar. Na kuko timu za taifa za vijana, wenye chini ya miaka 17 na chini ya miaka 20.

Kwa kijana wa Mashariki, njia hizi zote ziko mbali. Mtoto wa Goma anaona taa za Rwanda akiwa nyumbani, na mtoto wa Kasindi anasikia soko la Uganda. Lakini kwa mpira wa Afrika, Kongo iko katika kanda ya kati, UNIFFAC, pamoja na Kameruni, Gaboni, Chadi na wengine. Timu ya vijana inapangwa Kinshasa, na mara nyingi inaenda kucheza upande wa magharibi. Barabara ya kutoka Goma mpaka Kinshasa haiko. Tangu mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini, ndege za abiria pia ziliacha kutua Goma. Kijana mwenye mguu mzuri wa Masisi ao wa Walikale ana nafasi ndogo sana ya kuonekana na yule anayechagua.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kinachoweza kumwakilisha mahali asipofika ni faili lake. Na faili linaanza kwa lisansi.

Miaka 12: hapo hesabu inaanza

Wazazi wengi, na hata viongozi wa klabu, wanaona lisansi ya mtoto kama kitu cha kulipia bure. "Bado iko mutoto, tutamufanyia karatasi akikomaa." Maneno hayo yanasikika kwenye kila kiwanja. Kumbe sheria ya FIFA inahesabu tofauti kabisa.

Mchezaji akihama na klabu mpya ikalipa feza ya uhamisho kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya feza hiyo inatolewa na kugawanywa kwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Inaitwa mchango wa mshikamano. Kila msimu kutoka miaka 12 mpaka 15 unastahili asilimia 0,25 ya bei yote. Kila msimu kutoka miaka 16 mpaka 23 unastahili asilimia 0,5.

Tufanye hesabu. Kijana ameuzwa dola milioni moja kwa klabu ya inje. Asilimia 5 ni dola 50 000. Klabu ya kartiye iliyokuwa naye misimu minne, tangu miaka 12 mpaka 15, inapata dola 2 500 kwa kila msimu: jumla dola 10 000. Klabu iliyomchukua akiwa na miaka 16 na 17 inapata dola 5 000 kwa msimu, yaani 10 000 pia. Na kama baada ya miaka mitatu anauzwa tena, hesabu inafanywa tena, na klabu ya kwanza inarudi kulipwa.

Kwa klabu ambayo inanunua mipira kwa mchango wa wazazi, na kocha anafundisha bila mshahara, feza hiyo inaweza kubeba vijana wengi wengine.

Kuko pia malipo ya pili, fidia ya malezi. Hiyo inalipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa profesionali katika inchi ingine, na tena akihama inchi mpaka mwaka anapofikia miaka 23. Kwa klabu nyingi za Ulaya, miaka ya 12 mpaka 15 inahesabiwa kwa kiwango cha euro 10 000 kwa mwaka, na miaka inayofuata inaweza kupanda zaidi. Wasichana bado wananyimwa haki hiyo: fidia ya malezi haihusu mpira wa wanawake, ingawa mchango wa mshikamano unawahusu. Hilo linauma zaidi kwa inchi ambayo wanawake wake wa TP Mazembe walichukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 2024.

Lakini malipo yote mawili yana sharti moja. Klabu lazima iwe imejiunga na shirikisho, na mtoto awe ameandikwa pale, msimu kwa msimu. Akademi ya kartiye ambayo haiko ndani ya Entente yoyote inaweza kulea mchezaji mkubwa na isipate hata franga. Klabu ambayo ilimchezesha mtoto miaka minne lakini ikamtolea lisansi mwaka wa mwisho tu, italipwa mwaka mmoja.

Tangu mwezi wa kumi na moja 2022, mambo haya yanapitia chombo kimoja cha FIFA kilichoko Paris, FIFA Clearing House. Zamani klabu ilipaswa kufuatilia yenyewe na kupeleka madai. Sasa hesabu inatoka kwa pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, ambayo mashirikisho yanajaza. Kwa klabu yenye maandishi safi, hii ni habari njema: feza inaweza kutafutwa bila kulipa avoka. Kwa klabu yenye maandishi ya daftari lililopotea, mlango umekuwa mwembamba zaidi.

Umri na jina: mahali watu wanapoharibu

Jambo la pili ni umri. Kila mtu anajua desturi ya kumkata mtoto miaka miwili ao mitatu ili aonekane kijana zaidi. Wengine wanaona ni ujanja, wengine wanasema ni msaada kwa mtoto.

FIFA ilianza kupima mkono wa wachezaji kwa mashine ya MRI kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009. Daktari anaangalia mfupa wa kifundo cha mkono. Kama umeshajifunga kabisa, kijana huyo ni karibu hakika amepita miaka 17. Mwezi wa kwanza 2023, Kameruni iliondoa wachezaji 21 kati ya 30 waliokuwa wanajiandaa kwa mashindano ya UNIFFAC, kwa sababu ya kipimo hicho. Vijana hao waliangukia mlangoni kwa siku moja, pamoja na kazi yote ya makocha wao.

Wakongo wenyewe wana mifano. Chancel Mbemba, aliyekuja kuwa kapiteni wa Leopards, alipofika Ubelgiji miaka ya 2010 iliandikwa sana kwamba karatasi zake zilikuwa na miaka tofauti ya kuzaliwa: 1988, 1991 na 1994. Mguu wake ulimwokoa na akapanda mpaka Newcastle, Porto na Marseille. Lakini swali la umri lilimfuata muda mrefu.

Mfano wa Silas unafundisha zaidi. Mwezi wa sita 2021, klabu ya Stuttgart ya Ujerumani ilitangaza kwamba mchezaji wake aliyejulikana kama Silas Wamangituka kwa kweli anaitwa Silas Katompa Mvumpa, na amezaliwa mwaka 1998, mwaka mmoja mbele ya ule ulioandikwa. Kwa maelezo ya klabu, aliyekuwa ajenti wake ndiye aliyembadilishia jina na tarehe, akamweka chini ya mamlaka yake na kumtia woga. Shirikisho la Ujerumani lilimsimamisha miezi mitatu na kumtoza faini ya euro 30 000, ingawa klabu ilisema wazi kwamba kijana ndiye alikuwa ameonewa.

Angalia vizuri kilichotokea. Mwaka mmoja tu ulipunguzwa. Ila jina jipya linafanya kitu kikubwa zaidi: linamkata kijana na historia yake. Klabu iliyomlea kwa jina la zamani haiwezi tena kuthibitisha kwamba ni mtoto wake. Na kijana mwenyewe anakuwa mfungwa wa yule anayejua siri.

Dawa iko karibu kuliko watu wanavyofikiri. Sheria ya familia ya Kongo, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kutangaza mtoto kwa biro ya etasivili, na kazi hiyo ni bila malipo. Siku 90 zikipita, inabidi kupitia tribinali ili itoe hukumu inayochukua nafasi ya tangazo. Hiyo inakula muda na feza. Ndiyo maana karatasi ya mtoto wa miezi miwili ni rahisi, na karatasi ya kijana wa miaka 16 ambaye ajenti anamngoja kesho ni biashara ya watu wengine.

Mpaka uko karibu, lakini una sheria

Kwa familia za Mashariki, kuvuka mpaka ni maisha ya kila siku. Wengine wanauliza: juu ya nini mtoto asiende kucheza Gisenyi, Bujumbura, Arua ao Kampala?

Sheria ya FIFA inaanza kwa kukataza. Mchezaji mwenye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhama kutoka inchi moja kwenda ingine kwa ajili ya mpira. Yeyote anayemwahidi mtoto wa miaka 15 mkataba Dubai ao Uturuki anaahidi kitu ambacho sheria imekifunga.

Kuko milango michache iliyoachwa wazi, na miwili inagusa watu wa huku moja kwa moja.

Wa kwanza ni mpaka. Mtoto anayeishi nyumbani kwao, si zaidi ya kilometa 50 kutoka mpaka, anaweza kucheza kwa klabu ya ng'ambo iliyo pia ndani ya kilometa 50 kutoka mpaka. Lazima aendelee kulala kwao, na mashirikisho ya inchi zote mbili yakubali. Goma na Gisenyi, Bukavu na Rusizi, Uvira na Bujumbura ziko ndani ya kipimo hicho. Kwa sasa, siasa kati ya majirani ndiyo inafanya mlango huo kuwa mgumu, zaidi ya kilometa zenyewe.

Wa pili ni ukimbizi. Mtoto aliyekimbia inchi yake juu ya hatari kwa maisha ao uhuru wake anaweza kuombewa ruhusa ya kuandikwa na klabu ya inchi iliyompokea. Hii inahusu watoto wa Kongo waliopo Uganda, Burundi, Rwanda ao Nyarugusu kule Tanzania. Ombi halipelekwi na familia wala na ajenti. Linapelekwa na shirikisho la inchi iliyompokea, na hati ya ukimbizi ndiyo inayolibeba.

Misimu iliyokatika

Juu ya yote hayo, vita. Mwezi wa kwanza na wa pili 2025, Goma na Bukavu ziliingia katika mapigano, na kambi za wakimbizi wa ndani zilizozunguka Goma zikavunjwa. Familia zilitawanyika: wengine walirudi Sake, Masisi ao Rutshuru, wengine walivuka, wengine wakashuka Uvira. Wachezaji walitawanyika vilevile.

Ubingwa ukisimama, mtoto wa miaka 13 hapati tena msimu wa miaka 13. Mwili unaweza kungoja kidogo, lakini hesabu ya misimu haingoji. Na klabu ikihama na viongozi wake, mara nyingi daftari linabaki nyuma, ndani ya nyumba ambayo hakuna mtu anajua ina nani sasa.

Banki nazo zilifunga milango Goma na Bukavu. Watu wamezoea kuishi kwa simu na kwa feza ya mkononi. Lakini feza ya FIFA inaingia kwa konti ya banki yenye jina la klabu, baada ya klabu kuonyesha hati zake. Konti ya prezida wa klabu haitoshi. Klabu ya Mashariki inaweza kuwa na haki kamili ya kulipwa na ikakosa mahali pa kupokelea.

Katika hali ya namna hii, wadanganyifu wanapata shamba. Mzazi aliyepoteza kila kitu anaona mpira kama njia ya kutoka. Anakuja mtu na simu nzuri na picha za viwanja vya Ulaya, anaomba dola mia chache za viza ao za majaribio. Ajenti wa kweli amefanya mtihani wa FIFA, na jina lake liko kwenye orodha ambayo FIFA inaonyesha wazi kwenye intaneti. Kwa mtoto, hawezi kusaini naye bila ruhusa ya maandishi ya mzazi. Na malipo yake ni komisyo inayotoka kwa mkataba uliosainiwa. Anayetaka kulipwa na mzazi mbele ya mkataba wowote anafanya kazi ingine.

Kile kinachowezekana hata sasa

Mambo mengi yanangoja amani, ndege, na maamuzi ya Kinshasa. Mengine hayahitaji kungoja.

Mzazi anaweza kutafuta cheti cha kuzaliwa mapema, na kuhakikisha jina kwenye cheti, kwenye karatasi za shule na kwenye lisansi ni moja, herufi kwa herufi. Mtoto anayeitwa Baraka shuleni na Barack kwenye lisansi ameshaanza kupotea. Anaweza pia kupiga picha za karatasi zote na kuzituma kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Simu inaibwa, nyumba inaungua, lakini picha iliyoko kwa shangazi Kampala inabaki.

Klabu inaweza kuandika orodha ya kila msimu: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, siku mtoto alipoingia, siku alipotoka na mahali alipoenda. Nakala moja ipelekwe Entente na kutiwa muhuri, ingine ibaki kwa mtu mwenye kuaminika mbali na kiwanja. Kama akademi iko peke yake, ijiunge na Entente, ao ifungamane na klabu iliyo ndani.

Entente na ligi za majimbo ziko na kazi kubwa kuliko wote, juu ya zenyewe ndizo kiungo kati ya kartiye na FECOFA. Lisansi ya mtoto wa miaka 12 ikiwa ghali, klabu haitaitoa. Ligi inayotaka vijana wake wahesabiwe inaweza kushusha bei ya lisansi za watoto, na kukubali maandikisho ya watoto waliohamishwa na vita bila kuwarudisha kutafuta barua ya klabu ambayo haiko tena.

Na kocha wa kartiye, ambaye mara nyingi ndiye mtu mzima wa kwanza kuona kipaji, anaweza kukataa kitu kimoja: kumpunguzia mtoto miaka. Kocha akimkata miaka miwili leo, kesho mtoto huyo atakuwa chini ya mkono wa mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kumkata jina pia.

Wachache sana watafika Ulaya, hata ngazi ikitengenezwa vizuri. Wengi watabaki kucheza Entente, kusoma, kufundisha wadogo, kufanya biashara. Kwa hao pia karatasi iliyoandikwa vizuri ina kazi: inafungua shule, mtihani wa taifa, kadi ya mpiga kura. Kijana aliyetafutiwa cheti juu ya mpira anabaki nacho hata mpira ukimkataa.